Kiti cha Nyuma

Wengi wenu mmemsikia mtu huyu akisema, ila jina lake hamlijui. Katika katuni ya simba iliyotoka Marekani mwaka 1994 yupo nyani mzee mwenye fimbo, anayemwinua mtoto wa mfalme juu ya jabali ili wanyama wote wamwone. Jina la nyani huyo sisi hatuhitaji kutafsiriwa: anaitwa Rafiki. Watoto wa shule ya Jumapili wanamwiga. Anacheka peke yake, anajibu maswali kwa mafumbo, anaimba kijiwimbo cha mzaha kinachoanza na "asante sana". Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimarekani, na kwangu mimi hiyo lafudhi inachekesha kuliko mzaha wenyewe. Mwenye sauti ile alikuwa Robert Guillaume, mwigizaji mweusi wa Marekani. Kwa miaka kadhaa sasa nimemtaja katika mafundisho ya kipaimara mara nyingi kuliko baadhi ya mababa wa Kanisa, na walimu wangu wa historia ya Kanisa kule chuoni wanisamehe.

Hakuwa mtakatifu. Nitafika huko.

Alizaliwa St. Louis, jimbo la Missouri, tarehe 30 Novemba 1927, akiitwa Robert Williams. Baba hakuwepo, na mama alishindwa na pombe. Aliyemlea ni bibi yake, mwanamke aliyeishi kwa kufua nguo za watu. Wasomaji mliolelewa na bibi mnajua sentensi hiyo moja imebeba nini, nami sitaongeza neno. Kijana akapita jeshini, akasoma chuo, akaanza na masomo ya biashara, mwisho akahamia kwenye kuimba. Jina la Guillaume alijichagulia mwenyewe alipoingia katika kazi ya sanaa. Ni William kwa Kifaransa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Cleveland, jimbo la Ohio, kujifunza kazi katika nyumba moja ya sanaa. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1915 na mume na mke Wazungu, Russell na Rowena Jelliffe, walioamua kwamba hapo weusi na weupe wataigiza pamoja, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi yao hilo lilikuwa haliwezekani. Walipotafuta jina walichukua neno la Kiswahili. Mpaka leo nyumba hiyo inaitwa Karamu. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama, nikatembea chumbani, nikarudi kuisoma tena. Mtu aliyekuja kujulikana na watoto wa dunia nzima kwa jina la Rafiki alianzia kazi mahali panapoitwa Karamu, na sina ushahidi kwamba kuna mtu aliyepanga hivyo.

Baadaye alihamia New York. Mwaka 1961 alikuwamo katika mchezo wa nyimbo ulioitwa Kwamina, uliohusu Afrika Magharibi, naye akiwa na sehemu ndogo. Akaingia katika mchezo mwingine, na mwingine. Alisafiri na vikundi mji hata mji. Alichukua nafasi walizoziacha wengine, kama alivyofanya katika Purlie. Mwaka 1976, katika Guys and Dolls iliyochezwa na waigizaji weusi watupu, alionekana vya kutosha hata akapendekezwa kwa tuzo ya Tony. Hakuipata.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua sheria moja ya filamu: steringi hafi. Ukishamtambua steringi unatulia, unajua risasi zote zitamkosa. Wanaobaki, yule rafiki wa steringi, mlinzi wa getini, mzee wa ushauri, mpishi, hao wanaweza kufa dakika yoyote na hakuna anayeuliza majina yao. Robert Guillaume kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa miongoni mwa hao. Na kazi yao ni ngumu kuliko tunavyodhani. Steringi ana saa nzima ya kutufanya tumpende. Mlinzi wa getini ana dakika moja, na ndani ya dakika hiyo tuamini kwamba ana mke, ana deni dukani, na miguu inamuuma. Asipotushawishi, hata steringi anaonekana wa uongo, kwa kuwa anaishi katika dunia yenye watu wa karatasi.

Mwaka 1977, akikaribia miaka 50, alipewa nafasi katika tamthilia ya televisheni ya vichekesho iliyoitwa Soap. Nafasi gani? Mtumishi wa nyumbani kwa familia ya kitajiri ya Kizungu. Hebu fikiria uzito wake. Mjukuu wa mfua nguo, mweusi, katika nchi ile, anaombwa avae tena sare ya utumishi ili watu wacheke. Wengi kabla yake walilazimishwa kuigiza watumishi kwa kuinama na kukenua meno. Yeye alimwigiza Benson, ndilo jina la mhusika, kama mtu mwenye akili kuliko wote mle ndani. Kengele ya mlango ikilia, Benson haendi mbio. Anawatazama matajiri wake kwanza, kisha anauliza kama wanataka yeye ndiye akafungue. Swali dogo tu, lakini nyumba nzima ilikuwa inajulikana pale pale nani anaiendesha.

Watu walimpenda Benson kiasi kwamba mwaka 1979 alitengenezewa tamthilia yake mwenyewe. Humo anatumwa kusimamia nyumba ya gavana, baadaye anakuwa msimamizi wa bajeti ya jimbo, kisha naibu gavana. Mwaka huo huo wa 1979 Guillaume alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi katika vichekesho kwa ajili ya Soap. Mwaka 1985 akapata Emmy nyingine, safari hii ya mwigizaji mkuu, mweusi wa kwanza kuipata katika kundi hilo la vichekesho, na ilikuwa kwa mhusika yule yule. Tamthilia ilipomalizika mwaka 1986, Benson alikuwa anagombea ugavana dhidi ya yule yule gavana aliyemtumikia. Wawili hao wanakaa pamoja kusubiri matokeo, mtangazaji anataka kutamka jina la mshindi, na picha inaganda. Hapo ndipo mwisho. Hadi leo hatujui nani alishinda, na mimi nimeacha kulalamika.

Luka sura ya 14 tunaisoma kila mwaka na mara nyingi tunaipitia haraka. Bwana anawaona wageni wakigombea viti vya mbele, naye anafundisha kukaa nyuma, mpaka mwenyeji mwenyewe aje amwite mgeni "rafiki" na kumsogeza mbele. Kisha, katika sura hiyo hiyo, anasimulia habari za karamu kubwa. Siku hizi nikifika kwenye sura hiyo namwona Benson mlangoni. Kiti cha nyuma anachokisema Bwana si adhabu. Ni kiti karamuni kama vingine, na chakula kinafika hapo pia.

Lakini nimeyaandika haya kwa sababu ya jambo lililofika mbele ya baraza la wazee wa usharika wetu. Binti mmoja, mwanakwaya na mwalimu wa shule ya Jumapili, alipata kazi Dar es Salaam ya kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za nje. Kazi hiyo imekua sana tangu mwaka 2011, TBC ilipoonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, watu wakashangaa kuwasikia Wachina wakigombana kwa Kiswahili fasaha. Binti yetu alipewa sauti ya mama mkwe. Ana miaka 26, na humo ndani ni mwanamke wa miaka 60 anayesengenya, anayeghushi wosia na kumchonganisha mtoto na mkewe. Anaifanya vizuri mno. Akina mama wa usharika waliitambua sauti wiki ya pili.

Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu kama baba yangu, alisimama barazani akasema, "Mchungaji, mtu hawezi kusema uongo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumapili akawafundisha watoto wetu amri ya nane." Mwinjilisti mmoja aliyesoma Kigiriki kidogo akaongeza kuni: neno tunalolisoma katika Injili kama "mnafiki" hapo zamani lilikuwa na maana ya mwigizaji wa jukwaani.

Ni kweli. Kigiriki chake kilikuwa sahihi, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini tazama Mathayo 6 inawagusa akina nani: anayepigiwa tarumbeta akitoa sadaka, anayesali kwenye kona za njia ili aonekane, anayekunja uso akifunga. Hao wanaigiza mahali ambapo hakuna aliyekata tiketi. Aliye jukwaani hamdanganyi mtu, maana sote tumekubaliana tangu mlangoni kwamba tutaona mchezo. Kila Krismasi vijana wetu wanaigiza, na lazima mmoja awe Herode. Mwaka jana Herode alikuwa mtunza hazina wetu msaidizi, na hakuna aliyeomba vitabu vya fedha vikaguliwe. Nikawakumbusha wazee juu ya mwanamke wa Tekoa katika 2 Samweli 14. Yoabu alimwambia avae mavazi ya matanga, ajifanye amefiwa, akamtia na maneno kinywani. Akaenda mbele ya Daudi akaigiza, na kwa maigizo yale mfalme akakubali mwanawe arudishwe nyumbani. Hatumwiti mnafiki. Biblia inamwita mwenye akili.

Mzee wangu hakushawishika. Akasema, "Huyo aliigiza mara moja, Mchungaji. Huyu wetu ana mkataba."

Kwa hiyo tukaenda kwa Luther, kama inavyotupasa. Katika maelezo yake ya Zaburi ya 147, Luther anasema kazi zetu za kila siku, shambani, nyumbani, vitani, serikalini, ni barakoa za Mungu. Nyuma yake Mungu anajificha na kutenda yote. Neno barakoa tulilizoea mwaka 2020 kwa sababu nyingine, basi lifikirie upya. Mkate unatoka kwa Mungu, lakini uso tunaouona ni wa muuza mkate. Mtoto analindwa na Mungu, lakini mikono tunayoiona ni ya mkunga. Kama ndivyo, je, anayemchekesha mtu aliyetoka kuzika, au anayemwonyesha mama mkwe wa kweli, aliyekaa sebuleni, jinsi ubaya wake unavyosikika kwa sauti, huyo hana barakoa? Nadhani anayo. Luther hakuwahi kuiona televisheni, lakini alijua kwamba Mungu haoni aibu kutumia uso wa mtu mwingine.

Guillaume aliwahi kuvaa barakoa halisi. Mwaka 1990, huko Los Angeles, alipokea kutoka kwa Mwingereza Michael Crawford nafasi ya mhusika mkuu katika The Phantom of the Opera, mtu aliyeumbuka uso, anayeishi chini ya jumba la muziki na kujificha nyuma ya barakoa. Alikuwa na miaka 62. Nusu ya uso imefichwa, sauti ndiyo inayobeba mzigo. Miaka minne baadaye akaficha uso wote, akawa nyani wa katuni. Kazi ya sauti ndiyo kiti cha nyuma kabisa. Watu wanakuchukua mpaka vyumbani mwao, wanalala wakikusikiliza, na ukipita barabarani hawakusalimii.

Mwaka ule ule wa 1990 Guillaume alimpoteza mwanawe kwa UKIMWI.

Hapa ndipo nilipoahidi kufika. Alipoondoka St. Louis kufuata jukwaa, aliacha nyuma mke na wana wawili wadogo. Hakuificha habari hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2002. Mwanamume ambaye mamilioni waliipenda sauti yake ya kibaba hakuwa baba nyumbani kwake wakati wanawe walipomhitaji. Naye mwenyewe alikuwa mtoto aliyeachwa. Luther huyu huyu wa barakoa, katika maandishi yake juu ya ndoa ya mwaka 1522, anamsifu baba anayefua nepi za mtoto. Anasema majirani wanaweza kumcheka kwamba si mwanamume, lakini Mungu pamoja na malaika wake wanatabasamu. Mkristo hana wito mmoja tu. Ana jirani aliye jukwaani na ana jirani aliye kwenye beseni la kuogea, na wa beseni hana sauti ya kudai.

Binti yetu ana mtoto wa miaka minne. Anamlea peke yake, na alipokwenda Dar es Salaam alimwacha kwa mama yake kijijini. Baraza lilijadili kwa saa mbili uovu wa mama mkwe wa kubuni, na mtoto wa kweli hakutajwa. Baada ya kikao nilimwita ofisini. Nikamwambia, "Mwanangu, sina shida na mama mkwe wako. Nataka kujua nani anamwogesha mtoto." Nikamsimulia habari za Guillaume, pamoja na sehemu hii.

Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Baba Mchungaji, wale wanaume wa usharika wanaokwenda migodini miezi sita, na wao mliwaita ofisini?"

Nikamwambia ni swali la haki, na kwamba watalisikia kutoka kwangu. Wamelisikia. Wawili walinuna.

Yeye hakuacha kazi, wala sikumtaka aache. Alirudi kwa wenye studio akapatana nao: anarekodi vipindi vingi kwa wiki mbili mfululizo, halafu wiki mbili yuko kwa mwanawe. Alipunguziwa malipo kwa ajili hiyo. Baraza lilikubali aendelee kufundisha watoto kila Jumapili anayokuwepo. Mzee wangu alipinga, na kupinga kwake kumeandikwa katika muhtasari kama alivyotaka.

Kuna jambo moja zaidi la Guillaume ambalo nililisimulia siku ile. Mwaka 1998 alipata nafasi ya mkuu wa kazi katika Sports Night, tamthilia kuhusu watu wanaotayarisha kipindi cha habari za michezo. Kama kawaida yake, alikuwa mzee wa busara pembeni ya vijana. Januari 1999, akiwa kazini, alipatwa na kiharusi. Sisi tunajua mara nyingi kinachofuata: mgonjwa anafichwa chumba cha ndani, wageni wanaambiwa amelala. Mwandishi wa tamthilia, Aaron Sorkin, alifanya vingine. Alimpa kiharusi na mhusika pia. Kwa hiyo Guillaume alirudi mbele ya kamera msimu ule ule akitembea kwa shida, maneno yakitoka kwa jitihada, na kila mtu akaona. Mtu aliyeishi kwa sauti yake aliruhusu sauti iliyojeruhiwa isikike. Baadaye alizunguka akiwatia moyo wagonjwa wenzake wa kiharusi. Na mwaka 2004 filamu nyingine ya wanyama wale ilipotoka, Rafiki alikuwa bado ni yeye. Alifariki nyumbani kwake Los Angeles tarehe 24 Oktoba 2017, akiwa na miaka 89.

Tamthilia ya binti yetu bado inaendelea. Juzi, baada ya ibada ya pili, nilimwona mzee wangu amemsubiri nje karibu na mnada wa mavuno. Binti alimpa shikamoo, mzee akaitikia, akatazama kulia na kushoto, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ule wosia wa kughushi utagundulika.

"Baba, mkataba unanikataza kusema," alijibu.

"Hata kwa mzee wa kanisa?"

"Hata kwa Baba Askofu."

Mzee akanunua mkungu wa ndizi mnadani, akaenda zake nyumbani kusubiri Jumatatu saa mbili usiku.